Miezi Mitano Niliyokuwa Marehemu

Kama unasoma haya kwa sababu kuna mtu nyumbani kwako ameacha kula, haogi, na anakuambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye si wa dunia hii tena, usimcheke. Usimkimbilie mganga pia, si leo. Keti, usome. Mimi nilikuwa mtu huyo, na sasa nina mashine mbili za kusaga zinazofanya kazi na kijana wangu wa pili yuko sekondari.

Sitaeleza dawa zinafanya nini ndani ya kichwa. Sijui, na nimeona hata wanaojua hawaelezi vizuri. Nitaeleza nilichopitia.

Kwanza mjue anayesema ni nani, maana wengi wakisikia habari za ugonjwa wa akili hudhani ni za mtu aliyeshindwa maisha. Mimi sikushindwa. Nilizaliwa Malangali, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, siku hizo mashamba yakiwa mengi kuliko nyumba, baba akilima ulezi na maharage. Nikiwa kijana nilivuka mpaka kuingia Zambia na shati moja la kubadilisha. Mchana nilisukuma toroli kwenye karakana, jioni niliingia chuo cha ufundi, na baada ya miaka sita nikatoka na stashahada ya ufundi mitambo. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Biashara ilipofunguliwa Tanzania, mtu akaruhusiwa kuleta mashine yake bila kuzungushwa ofisi saba, nilirudi Sumbawanga na injini mbili za dizeli juu ya lori. Watu walisimama kando ya barabara kutazama. Wakaniita Mzambia, nami sikuwakataza. Wanawake wa mtaa wetu, waliokuwa wakibeba mahindi kichwani hadi katikati ya mji, walianza kusagia mlangoni kwangu.

Ugonjwa ulinikuta wakati wa mavuno, mwaka wa nne tangu nirudi. Ni majira ya baridi huku kwetu nyanda za juu, upepo unapita kwenye nyasi kavu bila kizuizi na watu wanatembea wamejifunika blanketi hata saa nne asubuhi. Mwaka huo mashine zilikuwa zimeongezeka, wenye mashine tulikuwa sita kwenye barabara moja. Nilifanya kazi kuanzia alfajiri, nikirudi ndani silali. Wiki ya kwanza nilijisifu kwamba silali. Wiki ya tatu injini kubwa ikaanza kutoa sauti iliyofanana na mtu anayeguna kabla hajasema neno. Niliifungua na kuifunga mara nne. Haikuwa na kasoro. Nilikaa mbele yake nikisubiri imalizie sentensi yake, na wanawake walikuwa kwenye foleni na mahindi yao wakinitazama.

Siku moja ikazimika kweli. Tatizo lilikuwa dogo, bomba la mafuta lilikuwa limeziba kwa uchafu, kitu ambacho mwanafunzi wa mwezi mmoja angekijua. Nilishindwa kukiona. Nilisimama na spana mkononi, mikono ikiwa mizito kama si yangu, hadi wanawake wakajitwisha tena mahindi yao wakaenda kwa jirani. Hakuna aliyenicheka. Nadhani ningepata nafuu kama wangenicheka.

Kaka yangu mkubwa, Siriaki, aliposikia alikuja akasema neno lililonipendeza kuliko dawa yoyote. Alisema, "Wamekuonea kijicho. Umekuja na vitu vikubwa mno."

Hapa nataka mnielewe, ninyi wenye kiburi kama changu. Kuambiwa ninaumwa akili kungekuwa kuniambia kwamba kichwa kilichonipa stashahada kimeharibika. Kuambiwa nimerogwa kulikuwa kuniambia nimefanikiwa hadi watu wanakosa usingizi kwa ajili yangu. Nilichagua kurogwa. Mimi, mtu wa mitambo, ninayejua kwamba injini haizimwi na macho ya jirani, nilichanjwa kifuani na mgongoni na waganga wawili tofauti, na kila walipotaja wivu niliitikia kwa kichwa. Wiki kadhaa zilipita hivyo. Mke wangu Yustina hakupinga mbele ya shemeji yake. Alikuwa akikaza tu mshipi wangu asubuhi, akitoboa tundu jipya kwa msumari, maana nilikuwa nakonda.

Ndipo walipoanza kuja kunitazama.

Kwetu Ufipa mtu mwenye adabu hasalimii mkubwa wake akiwa amesimama wima. Huchuchumaa, huinamisha kichwa, na hupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti isiwe kali. Tunawapigia hivyo wazee, wakwe, wageni, na tunawapigia hivyo wafiwa. Kwa wafiwa sauti hushuka zaidi. Ndugu zangu walikuja kwa heshima kubwa. Walichuchumaa mlangoni, wakaniinamishia vichwa, wakapiga makofi kwa sauti ya chini kwa sababu walikuwa na huzuni. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka, nimefunikwa shuka jeupe.

Niliwatazama, nikaelewa kila kitu mara moja. Usingizi uliokuwa haupo, mikono isiyokuwa yangu, injini iliyokuwa ikiguna. Nilikuwa nimekufa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuniambia.

Watu huniuliza kama niliogopa. Sikuogopa. Ilikuwa baridi tu, baridi iliyoanzia tumboni. Sikula, kwa kuwa marehemu hali, na chakula walichoniletea nilidhani ni cha matanga yangu. Nilikataa kukatwa kucha. Nilisikia harufu ya mwili wangu nikajua kuoza kumeanza. Mchana nilizunguka uani nikishangaa kwa nini wananiacha nizurure, kwa nini hawachimbi. Binti yangu Pendo, alikuwa na miaka saba, alinipita akiwa na ndoo akasema, "Shikamoo baba." Sikuitikia. Nilidhani anafanya mazoezi ya kunikumbuka. Baada ya siku chache hakuniamkia tena, na hilo ndilo ambalo hadi leo linanirudia nikiwa peke yangu karakanani. Alikuwa mtoto, akaacha kumwamkia baba yake, nami nikaona sawa.

Kila walipokuja wapya, makofi yale yalijirudia. Pa, pa, pa, taratibu. Kila mara nilikufa upya.

Aliyevunja jambo hilo hakuwa Mfipa. Ni Mama Minza, Msukuma, ambaye ukoo wake ulihamia na ng'ombe kutoka kaskazini ukajenga bondeni nje ya mtaa. Alikuwa akituletea maziwa kila asubuhi na kuyaacha getini kwenye kindoo. Kwa siku kadhaa nilikuwa nayamwaga chini kabla Yustina hajatoka, nikiona si sawa nyumba ya msiba kuletewa maziwa. Siku hiyo alichelewa kuondoka akaniona.

"Wewe mwanaume," alisema. "Maziwa ya ng'ombe wangu unayamwaga mchangani?"

Nikamwambia kwa upole, "Mama, mimi ni marehemu."

"Marehemu gani ana mdomo? Okota hicho kindoo."

"Sina mikono ya kuokotea."

"Una mikono ya kumwagia, huna ya kuokotea? Okota. Nina njia ndefu mimi, sina muda wa kubembeleza mtu mzima."

Niliinama nikaokota. Sikufufuka, msielewe vibaya. Lakini kwa miezi hiyo yote hakuna mtu aliyekuwa amenikasirikia. Wote walikuwa wamenionea huruma kwa sauti ya chini. Nilisimama na kindoo mkononi nikifikiri: huyu mama hajapewa taarifa.

Yeye ndiye aliyemwambia Yustina kwamba kwao kulikuwa na mtu wa namna yangu, alipelekwa hospitali akachomwa sindano, na sasa anachunga. Yustina hakumwomba ruhusa Siriaki. Alinivalisha suti niliyorudi nayo, akanishika mkono, tukatembea. Kaka alipojua alisema shemeji yake amemtangaza ndugu yake kuwa kichaa mbele ya mji mzima, na hakukanyaga kwetu mwaka mzima. Kwenye ubatizo wa mtoto wetu wa mwisho kiti chake kilikuwa kitupu. Yustina alibeba lawama hizo peke yake huku mumewe akiwa, kwa maoni yake mwenyewe, yuko kaburini.

Kliniki ya akili ilikuwa Jumatatu. Ubaya wa Jumatatu ni kwamba mji wote unajua ni siku ya nani. Benchi lilikuwa barazani, linaangalia njia ya kwenda wodi ya wazazi, kwa hiyo kila aliyekwenda kumtazama mzazi alitupita sisi kwanza. Wengine waligeuza uso. Wengine walitazama sana. Nilipopata nguvu kidogo nilianza kubeba gazeti, nikikaa mwisho wa benchi kama mtu aliyemsindikiza mwingine. Nesi Skola, mwanamke mnene asiye na haraka, alinipita mara tatu kisha akasema, "Fundi, hilo gazeti umelishika kichwa chini. Ingia."

Sindano ya kwanza ilinikaza shingo hadi nikawa natazama upande mmoja kama kuku. Ya pili ilinifanya nitokwe mate, Yustina akinifuta kwa kona ya kanga yake tukiwa njiani. Baada ya ya tatu mvua za kwanza zilinyesha na nikasikia harufu ya udongo. Niliketi kitandani nikaisikia tena na tena. Sindano ya nne mikono ilitetemeka, sahihi yangu ikabadilika, na haijarudi ilivyokuwa. Benki waliniita kunihoji. Ya tano, nilikula ugali na samaki, mgebuka mzima, nikaomba kuongezewa. Ukitaka kuhesabu, hapo ndipo miezi mitano ilipoisha. Mimi nimeihesabu hivyo kwa sababu lazima mtu ahesabu kutoka mahali fulani.

Nilirudi kazini ulezi ukiwa bado kijani mashambani. Niliirekebisha injini kwa dakika ishirini. Sikumwambia mtu yeyote nilikokuwa. Nilisema niliumwa malaria iliyopanda kichwani, na watu wakawa waungwana, wakakubali.

Miaka ikapita, Pendo akamaliza darasa la saba, sindano zikawa vidonge. Katika miaka hiyo chuo kikuu kimoja cha binafsi kilifungua tawi hapa mjini, kwenye majengo ya kupanga. Mshauri wa wanafunzi, Madamu Leokadia, alikuwa na shida: wanafunzi wawili walikuwa wameacha masomo kwa ugonjwa wa akili ndani ya muhula mmoja, na wenzao waliwakimbia, wakahama vyumba. Alitaka kundi la wanafunzi wafundishwe namna ya kukaa na mwenzao anayeugua mpaka afike hospitali. Nesi Skola angefundisha mambo ya kliniki. Ndiye aliyemwambia Madamu kwamba kuna mtu mwingine anayefaa.

Nitasema ukweli kwa nini nilikubali. Chuo kikuu kilikuwa kinaniita mimi, mwenye stashahada, niwafundishe watu wa digrii. Nilinunua tai.

Walikuwa kumi na wawili. Nilikwenda kila Alhamisi kwa wiki sita, na sitaona haya kusema nilifundisha vizuri. Niliwaambia wasimbishie mgonjwa wala wasimkubalie uongo. Niliwaambia wamuulize maswali yanayojibika, amekula nini, amelala saa ngapi, viatu vyake viko wapi. Niliwaambia wasimpelekee dawa za mtu mwingine wala wasiahidi siri wasiyoweza kuitunza. Waliandika yote. Mifano yangu yote ilianza hivi: "Kuna mtu mmoja ninayemfahamu."

Kati yao alikuwepo Hawa, binti wa familia ya Kiislamu yenye maduka na malori hapa mjini, mwenye ulimi mwepesi. Wiki ya nne aliinua mkono.

"Fundi, huyo mtu mmoja unayemfahamu, ana marafiki wengine zaidi yako? Maana unamjua hadi matundu ya mshipi wake."

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikageukia ubao. Nilikuwa na nafasi hapo. Nilitazama chaki mkononi, mkono ukitetemeka kidogo kama kawaida yake, nikaiweka chini wasije wakauona.

Kuna jambo moja sikuwafundisha. Sikuwafundisha kuhusu makofi. Niliweza kusema mengine yote kwa jina la mtu mmoja, lakini hilo lilikuwa langu mno. Nilijua nikianza kulieleza sauti yangu itanitoa. Nikalipita.

Wiki mbili baada ya mafunzo kumalizika, Hawa alikuja kwenye mashine mchana, hijabu ikiwa na vumbi la unga aliopitia mlangoni. Alisubiri nizime injini.

"Shikamoo Fundi. Tumemuua Festo."

Festo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana wa Kabwe kando ya Ziwa Tanganyika, mtoto wa mvuvi. Kila mtu alimjua kwa kuimba kwenye korido. Nilimuuliza Hawa kama kweli amekufa.

"Hajafa. Ila yeye anasema amekufa, na anasema ni sisi tuliomzika."

Akanieleza. Festo alikuwa hatoki kitandani kwa siku tisa. Anakula kidogo sana, haogi, anasema tu ana baridi. Mwenzake wa chumba akahama. Kundi langu likakaa kikao, likaamua kwenda kama nilivyowafundisha. Katika kundi kulikuwa na Oresti, Mfipa, mtu mzima kuliko wengine, mwalimu aliyerudi shule. Wengi wa wenzake walitoka Mbeya, Tabora, Dar. Oresti akawaambia kwamba Festo ni mtoto wa huku, na wakitaka akubali kuwasikiliza waingie kwa adabu ya huku. Akawafundisha.

"Tuliingia wote kumi na wawili," Hawa alisema. "Tukachuchumaa. Tukapiga makofi pole pole. Mimi nilikuwa nampenda Oresti siku hiyo, nikaona kafanya jambo zuri. Festo akatutazama mmoja mmoja. Akasema, ahsanteni kwa kuja kuniaga. Tangu juzi hajagusa hata maji, mpaka umlazimishe."

Niliketi juu ya gunia. Kumi na wawili. Mimi nilikuwa nikipigiwa na wanne au watano tu kwa mara moja.

"Ulijua?" Hawa aliuliza.

Nilichukua koti.

Madamu Leokadia alitukuta kwenye ngazi za hosteli. Baba yake Festo alikuwa ameshatumiwa habari. Angefika Jumamosi kwa gari la samaki, na alikuwa amemtumia Madamu salamu kwamba amepata mahali, kwa mtu mmoja huko chini ziwani, ambako wagonjwa wa namna hiyo hufungwa miguu kwenye gogo hadi watulie. Chuo kilikuwa kimesema kijana asipokubali mwenyewe kwenda hospitali, hakiwezi kumzuia mzazi. Ilikuwa Alhamisi.

"Amemkatalia Nesi Skola," Madamu alisema. "Anamwambia maiti haitibiwi."

Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, kimoja kitupu hadi springi. Festo alikuwa amelala chali, mikono imenyooka kando, shuka hadi kidevuni. Midomo ilikuwa imepasuka. Mezani kulikuwa na sahani ya wali uliokauka na kikombe cha maji kilichojaa. Hawa na Oresti na wengine watatu walibaki mlangoni. Nilifika kitandani nikasimama, sikuchuchumaa, nikaweka mikono mfukoni.

Nilikuwa na mpango. Nilikuwa nimefikiri njia nzima kwamba nimgombeze kama nilivyogombezwa mimi.

"Wewe kijana," nilisema kwa ukali. "Chakula cha watu unakiacha kioze? Inuka ukaoshe hiyo sahani."

Festo aligeuza macho taratibu.

"Mzee," alisema, "hujakasirika. Unaigiza."

Mlangoni mtu alicheka kwa hofu, akajizuia. Kijana alikuwa sahihi. Mama Minza alikuwa amekasirika kweli, kwa maziwa yake. Mimi sikuwa na hasira. Nilikuwa na woga, na alikuwa ameuona.

Niliketi kwenye springi za kitanda kitupu. Nilitazama viatu vyangu. Nilivijua, nilivinunua Kitwe, kule Zambia. Kisha nikaanza.

"Mimi nilikufa kwa miezi mitano," nilisema. "Nilikufa wakati wa mavuno."

Nyuma yangu kukawa kimya, kimya cha watu wanaogundua kitu walichokuwa wanakijua.

Nilimwambia yote. Injini, spana, wanawake walioondoka na mahindi. Nilimwambia nilivyopenda kuambiwa nimerogwa. Nilimwambia kuhusu shuka jeupe na makofi, na nikamwambia kwamba hawa watoto hawakujua, kwamba aliyejua ni mimi, na sikuwaambia kwa sababu niliona haya. Oresti alisema "Ee Mungu wangu" kwa sauti ya chini sana. Nilimwambia Festo kuhusu Pendo na ndoo.

"Harufu je?" Festo aliuliza ghafla.

"Niliisikia."

"Hapa je? Unaisikia?"

"Nasikia harufu ya mtu ambaye hajaoga siku tisa. Si ile nyingine. Ile nyingine naijua."

Kidole kimoja kilikuwa kimeanza kusogea juu ya shuka.

"Ulijuaje kwamba umerudi?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa miaka. Ningeweza kumtajia sindano ya tano na mgebuka. Ningekuwa ninamdanganya, na alikwisha kunikamata mara moja.

"Sikujua," nilisema. "Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na mke wangu. Na Nesi Skola. Na watu waliokuja kusaga wakaniuliza zamu yao lini. Waliniambia kila siku. Mimi nilibisha, wao wakaendelea. Kuna siku nikachoka kubisha. Mpaka leo, Festo, kukiwa na baridi ile ya mwezi wa saba, huwa sina uhakika. Namuuliza Yustina. Hakasiriki. Ananiambia, kisha anaendelea kupepeta."

Festo alifumba macho. Nilidhani nimempoteza. Jua la saa kumi lilikuwa limefika kwenye miguu ya kitanda.

"Basi niambie," alisema.

"Uko hai, Festo."

"Sijasikia."

"Uko hai."

"Na yule dada aseme. Yule mwenye maneno."

Hawa aliingia akasimama karibu na meza. Alikuwa amelia na hakujifuta. "Uko hai wewe," alisema. "Tena unanuka, na kesho kutwa baba yako anakuja, na mimi sitamwambia kwamba tulikuacha. Kunywa maji."

Hakunywa mara hiyo. Tulimwambia kwa zamu, watu sita, bila kupaza sauti, kama watu wanaomwelekeza mgeni njia. Kengele ya chakula cha jioni ilipolia alinyanyua kichwa, akanywa nusu kikombe kwa mkono wangu unaotetemeka, maji mengi yakamwagikia shingoni. Ijumaa alitembea hadi hospitali mwenyewe, hatukungoja Jumatatu, Nesi Skola alitupokea kwa mlango wa nyuma. Baba yake alipofika na gari lake la samaki alimkuta wodini amelala usingizi wa kweli, anakoroma. Mzee yule alikaa kando ya kitanda na kofia magotini hadi jioni, akaondoka peke yake.

Festo alimaliza chuo nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja. Amerudi kuugua mara mbili tangu hapo. Kundi lile bado lipo, na kila mwaka nawafundisha wapya, na somo la kwanza sasa ni la makofi, nalo naanza kwa kusema "mimi". Bado navaa tai.

Wewe unayesoma, huenda utaambiwa kwamba kuna siku utaamka na kujua umepona. Mimi siku hiyo sikuiona, na Festo hajaiona. Anafundisha mbali na hapa, huniandikia kila kipupwe kinapoanza, na katikati ya habari za shule na mishahara huniuliza lile lile, nami hujibu kwa barua ya siku hiyo hiyo kwamba yuko hai. Barua yake ya mwisho ilikuja juzi. Chini ya jina lake, mimi sijamwomba na sijawahi kumwomba, ameandika: Na wewe pia, Fundi. Uko.